Basketi ya jioni Magomeni: nilichokiona kwa watoto watatu niliowalipia

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma mkiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Kwa binti wa sekondari, kituo hiki kinastahili hela yake. Kwa kijana wa kiume ambaye tayari ana timu ya mtaani, ni gharama ya ziada tu. Kwa mtoto mnene anayetaniwa unene wake, subirini kwanza, nitaeleza kwa nini. Nyota tatu kati ya tano, na ya tatu nimeitoa kwa ajili ya dada mmoja msaidizi. Siku akiondoka yule dada, nami naiondoa nyota yangu.

Jina la kituo siliandiki. Wakazi wa Magomeni mtakitambua: ni uwanja wa basketi wa sakafu ya saruji ndani ya shule moja ya binafsi, wanaukodi jioni wanafunzi wakishaondoka. Yapo nitakayoyalalamikia ambayo wenyewe wameanza kuyarekebisha, na sipendi kumharibia mtu biashara. Mimi mwenyewe nauza vitenge Kariakoo, najua jina likishachafuka halifuliki.

Niliwapeleka watatu. Binti yangu yuko kidato cha pili, kaka yake kidato cha nne, na mtoto wa dada yangu anayeishi kwangu yuko darasa la saba. Nyumba moja, chungu kimoja, na kila mmoja ana sababu yake ya kutotoka jasho. Binti akirudi shule anaoga, anafunga mlango, anabaki na simu mpaka aitwe kula. Kaka yake anacheza mpira wa miguu akijisikia, kisha tuisheni inammeza miezi mizima. Mdogo alikuwa hatulii nyumbani mpaka wenzake walipoanza kumwita Bonge, tangu hapo akagundua kwamba anapenda sana kuangalia katuni.

Sasa bei. Usajili ni 20,000, unalipa mara moja. Ada ni 45,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, jezi 25,000. Kuna malipo ya siku moja moja, 5,000, ila hawayatangazi, mpaka uulize. Kwa mtoto wa pili na wa tatu walinipunguzia 10,000 kila mmoja baada ya kuongea kwa urefu, kwa hiyo msione haya kuomba. Jezi usinunue siku ya kwanza. Kile kitambaa ni cha bei ya chini, kinashika jasho na kunata mgongoni, nilikijua kwa kukigusa tu, na hakuna mtoto anayefukuzwa kwa kuvaa fulana yake ya nyumbani. Raba nendeni mkachague za mtumba Karume, zile zinazopanda juu ya kifundo. Ya binti niliipata kwa 30,000 na imevumilia saruji kuliko mpya ya dukani niliyomnunulia kaka yake.

Getini wameweka bango lenye picha ya Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyechaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ile ligi kubwa ya basketi ya Marekani, mwaka 2009, na timu ya Memphis Grizzlies. Fahari yetu, sibishi. Ila yule bwana ana mita 2 na sentimita 21. Mzazi akilitazama bango lile anaanza kuota, mtoto akilitazama anajipima. Kijana wangu alisimama pale, akamwangalia juu mpaka chini, akaniambia, "Mama, mimi kwa urefu huu NBA nitaenda kufagia." Nikamjibu kwamba hata kufagia kunahitaji pumzi, aingie ndani.

Ratiba yao ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro robo jioni, na Jumamosi asubuhi saa moja hadi saa tatu. Nilipiga hesabu kama ninavyopigia mzigo wa dukani. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya kumfanya ahemee juu juu, yaani dakika 420 kwa wiki, na angalau siku 3 ziwe na mambo ya kukaza misuli na mifupa, kama kuruka na kukimbia kwa nguvu. Kituo kinauza dakika 345 kwa anayehudhuria siku zote nne. Zilizobaki, mtoto anayekwenda shule kwa miguu na kuharakisha mwendo anazimalizia njiani. Kwenye karatasi hesabu inakaa vizuri.

Na si kwamba watoto wangu ndio wavivu wa dunia. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2019, wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146, ulionyesha kwamba mwaka 2016 vijana 81 katika kila 100 hawakufikia hizo dakika 60. Kwa wasichana ni 85, kwa wavulana 78. Mwanamke yeyote aliyelea binti uswahilini hiyo tofauti ya wasichana na wavulana haimshangazi, nitarudi hapo.

Tatizo ni kwamba dakika za kuwepo uwanjani si dakika za kuhema. Nilikaa kwenye benchi Jumatano moja, nikawasha saa ya simu. Uwanja una ringi mbili, lakini moja imeinama mbele na mpira haukai, kwa hiyo wote wanagombania ile nzima. Watoto walikuwa kama ishirini na wawili, mipira sita. Mtoto anakimbia, anatupa, anaufuata mpira wake, anampa anayefuata, anarudi mkiani mwa foleni. Binti yangu katika nusu saa nzima alikimbia labda dakika sita. Nyingine zote alikuwa amesimama kwenye mstari, anamalizia kumsuka mwenzake mkia wa nywele uliofumuka.

Nikamfuata kocha. Ana adabu yule kijana, siwezi kumsengenya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi mimi nimelipia basketi au nimelipia kupanga foleni?"

Akacheka, akasema mipira ni michache. Nikamwonyesha: ada ya mtoto mmoja kwa mwezi inanunua mpira wa mazoezi na chenji inabaki, na yeye ana watoto ishirini na kitu. Mwezi uliofuata mipira ilikuwa kumi na mmoja, wakaanza kuwagawa vikundi vidogo: wanaotupa, wanaodunda mpira kuzunguka vikoni, wanaoruka kamba. Hilo walilifanya haraka na bila kinyongo, nawapa heko. Ringi iliyoinama bado imeinama. Wanasema ni mali ya shule.

Ila kuna kitu nilikiona kwenye ile foleni ambacho ada yangu ilikuwa inakilipia bila mimi kujua. Yule mwenye mkia wa nywele ni shoga yake binti yangu, wanasoma shule tofauti, wamejuana hapo hapo. Wiki ambayo yule mwenzake alipata malaria, binti yangu naye akawa na "tumbo", mara "kichwa", mara "homework nyingi". Mwenzake aliporudi, tumbo likapona. Nimeuza vitu miaka mingi, najua mteja anavyosema anafuata kitambaa kumbe anafuata stori za pale dukani. Kituo kikiniuliza nini kinachomrudisha binti yangu, jibu si kocha wala ringi. Ni watu wanne au watano anaotaka kuwaona. Kwa hiyo mzazi ukienda kukagua, tazama watoto wanafanya nini wakati wa kunywa maji. Wakikaa makundi makundi wakicheka, lipa. Wakikaa kila mmoja na simu yake, okoa hela.

Robo saa ya kwanza ndiyo bora kuliko zote, na hapo ndipo yule dada msaidizi anapong'ara. Anafungulia spika ndogo iliyounganishwa na simu, singeli inalia, na uwanja mzima unapasha misuli kwa mdundo ule. Singeli mnaijua, haina nafasi ya kupumzika. Wanakimbia pale pale waliposimama, magoti juu, wanageuka, wanaruka, wanapiga makofi chini ya paja. Hakuna foleni, hakuna anayetazamwa peke yake, hata asiyejua kudunda mpira anajua kucheza ngoma ya kwao. Baada ya dakika kumi fulana zimelowa. Mama mmoja alilalamikia maneno ya nyimbo, siku iliyofuata yule dada akaja na midundo mitupu isiyo na maneno. Kuna watoto wa mtaani huwa wanasimama nje ya ukuta na kucheza nao bure, na nimesikia kocha mkuu akitaka wafukuzwe. Naomba asifanye hivyo.

Huyo kocha mkuu ni mtu wa zamani, mkubwa kuliko yule kijana niliyesema ana adabu, na hapa ndipo nyota ya nne ilipopotelea. Mtoto akichelewa, anaruka kichura kuuzunguka uwanja. Akiongea, pushapu. Timu ikishindwa kimchezo, mizunguko mitano. Wa rika langu tulikulia kwenye mchakamchaka, alfajiri na umande, nyimbo mbele na fimbo nyuma kwa anayebaki, na mpaka leo wengi wetu hatukimbii mpaka tukimbizwe. Hawa watoto wetu shuleni pia adhabu ni kichura. Sasa kama kosa linalipwa kwa mazoezi shuleni, na kwenye basketi vilevile, mtoto ataona lini kwamba kuruka ni kitu cha kupenda? Binti yangu alishachelewa mara kwa mara kwa sababu makonda wa daladala wanawaruka wanafunzi vituoni, nauli yao ndogo. Kosa si lake. Jioni hizo alikuwa anachungulia getini, akikuta wameshaanza anageuza kurudi nyumbani, kwa sababu kichura mbele ya wavulana hataki. Siku nzima ya mazoezi inapotea kwa kuogopa dakika mbili za adhabu. Nililisema kwenye kikao cha wazazi, wazazi wawili wa kiume wakanambia nalea mayai. Haya.

Nirudi kwa wasichana, maana hapa ndipo kituo kimefanya kazi ambayo sikutarajia.

Mimi nilikua na rede. Wale wa miji mingine labda mnaita vingine: wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Tulicheza mpaka giza. Kisha nikavunja ungo, bibi akasema sasa umekuwa, na rede ikaishia wiki hiyo. Kaka zangu hawakuambiwa wamekuwa. Leo hakuna bibi wa kumkataza binti yangu, ila kuna mambo madogo madogo yanayomkataza vizuri kuliko bibi. Choo kisicho na komeo. Vijana wa bodaboda wanaoegemea wavu na kutoa maoni kuhusu anavyokimbia. Siku zake za mwezi. Nguo.

Mwanzoni chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo kilikuwa ni stoo, wanabadilisha katikati ya madawati mabovu na ndoo za rangi, mmoja anashikilia mlango kwa mgongo. Mabinti walikuwa watano tu. Sisi akina mama tukaenda ofisini, watatu, tukiwa tumejitanda vizuri, tukakaa mpaka tukasikilizwa. Komeo likawekwa. Taa ikawekwa. Upande wa barabarani wakafunga ile neti ya kijani ya vitalu vya miche, ya kuzuia jua, kwa hiyo bodaboda wanasikia mpira tu, hawaoni mchezaji. Yule dada akaweka boksi la pedi kwenye rafu, anayehitaji anachukua bila kuomba. Gharama yote haikufika ada ya watoto watano, nina uhakika, maana neti ile naijua bei. Sasa hivi mabinti wanakaribia nusu ya darasa. Mengine yote hayakubadilika, kocha yule yule, ringi ile ile.

Kuhusu ushungi, kwa mama anayeuliza: hakuna tatizo. FIBA yenyewe, shirikisho la basketi la dunia, iliyokuwa inakataza vifuniko vya kichwa uwanjani ilibadilisha kanuni mwaka 2017. Hapa sharti lao ni moja, hakuna pini. Nakubaliana nalo, pini ikifunguka kwenye kugongana ni jicho la mtu. Tafuta ile hijabu ya kuingiza kichwani ya kitambaa cha kuvutika. Usinunue nzito kwa kudhani ndiyo ya heshima zaidi, mtoto ataivua njiani kwa joto la Dar. Nyepesi inayopitisha hewa, rangi iliyokolea, ndefu ya kufika kifuani. Suruali ya mazoezi pana na fulana ya mikono mirefu, basi. Binti yangu anacheza hivyo na hakuna aliyemgusia.

Lalamiko langu kubwa kwa upande wa wasichana ni Ramadhani. Mazoezi yalihamishiwa saa tatu usiku baada ya tarawehe, chini ya taa, wavulana peke yao. Wasichana waliambiwa wasubiri Idi. Naelewa suala la usiku, nisingemruhusu hata mimi. Lakini wangeweza kuwapa saa moja nyepesi kabla ya futari, kutupa mpira tu na kunyoosha viungo. Ada ya mwezi huo ilikatwa nusu, sawa, ila Idi ilipopita mabinti wengi hawakurudi. Kijana akipumzika mwezi mzima, nafasi ile inajazwa na kitu kingine, na kitu kingine siku hizi kiko kiganjani. Aliyewarudisha ni yule dada, alipiga simu kwa kila mama. Kwangu alipiga akasema, "Mama, mwambie mwanao nimemwekea nafasi kwenye timu ya Jumamosi, wenzake wanamuulizia." Sikumpunja hata senti mwezi huo.

Sasa mzani.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wanapima uzito. Unasimama kwenye mzani pembeni ya uwanja, kocha mkuu anasoma kilo kwa sauti, msaidizi anaandika. Mpwa wangu alisimama, kilo zikasomwa, mtu nyuma akapiga mluzi. Hakulia. Alishuka, akavaa ndala zake, akaja kukaa karibu yangu kama mtu aliyemaliza. Tangu hapo hakurudi, na sikumlazimisha.

Nilipomuuliza kocha alisema ile ni motisha. Nikamwambia motisha ya nani? Mtoto wa miaka kumi na tatu anarefuka kila mwezi, kilo zake lazima zipande, hata angekimbia kutoka hapa mpaka Kimara kila siku. Ukimwahidi zitashuka, unamwahidi kushindwa. Ukitaka kumpima, mpime anaweza kuruka kamba muda gani leo na aliweza muda gani mwezi uliopita, hapo atajiona anapanda. Kwa haki niseme kwamba walisikia nusu. Mzani umehamia ofisini na mlango unafungwa. Lakini matokeo bado yanabandikwa ubaoni, kwa namba badala ya majina, na watoto walizijua namba zote siku hiyo hiyo kabla ya adhana ya Adhuhuri. Mpaka karatasi ile itoke ubaoni, mtoto mnene simpeleki na sikushauri umpeleke.

Mpwa wangu mwenyewe kajitafutia. Mtaani kwetu kuna fundi anayekodisha baiskeli, 500 kwa nusu saa. Wanachanga na wenzake wawili, wanapokezana, mmoja anaendesha wengine wanakimbia pembeni wakipiga kelele, wanakwenda mpaka Kigogo na kurudi. Hakuna jezi, hakuna kocha, breki za ile baiskeli ni za kuombea dua na nimeshamwambia fundi. Lakini anarudi amelowa, njaa imemshika, na hakuna aliyemwita Bonge kwa sababu zamu ya kusukuma mlimani anasukuma yeye. Kwa 1,500 kwa wiki anahema kuliko alivyohema kituoni. Nalisema hili kwa mzazi ambaye 45,000 haimo: msijione mmemnyima mtoto.

Kaka mtu sina mengi. Aliipenda basketi kiasi, lakini moyo wake uko kwenye ndondo, mpira wa miguu wa mchangani Jumapili, ambao ni bure na timu nzima ni ya mtaa wake. Mwaka wa mtihani ulipofika, tuisheni ikachukua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku zile zile. Nikaomba kituo wamsimamishie ada mpaka baada ya mtihani wa Novemba, wakakataa. Masharti yao yanasema ukisimama mwezi unajisajili upya, 20,000 nyingine. Huo ni uchoyo na haulipi hata kibiashara, maana kila mwaka katikati wanapoteza vidato vya pili na vya nne kwa mpigo, watoto wanaotoka kwa sababu ya mitihani na hawarudi kwa sababu ya usajili. Walimu wa tuisheni nao sijui nani kawaambia ubongo unakaa mbali na miguu. Kijana aliyekaa kwenye dawati tangu asubuhi na kuongezwa tena saa tatu za dawati, usiku namkuta amelalia daftari. Tumepatana: ndondo ya Jumapili haiguswi hata kama kesho yake kuna mtihani wa majaribio. Baba yake alinuna, amezoea.

Getini kuna muuza chips. Nadhani anawalipa kituo kitu fulani, kwa jinsi meza yake ilivyo ndani ya ukuta, ila hilo ni dhana yangu. Zege, yaani chipsi mayai, na soda baridi, saa kumi na mbili kasoro, watoto wenye njaa. Sina ugomvi na kijana wa watu, anatafuta riziki, na zege lake ni zuri, nimelila. Ugomvi wangu ni kwamba maji ya kunywa kituoni ni dumu moja lenye kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba, na watoto wengi wanakimbilia soda kwa sababu kikombe kile kinawatia kinyaa. Mpe mtoto chupa yake kubwa. Na mwambie anayekula zege ale, lakini asitoke nyumbani na njaa tangu saa saba, ndizi mbili kabla ya mazoezi zinamsaidia kupita ile meza.

Kurudi nyumbani ni jambo ambalo mabango hayalisemi na mimi naliweka juu. Wanamaliza kabla ya Maghribi, vizuri. Geti kubwa linatokea barabarani penye taa na watu. Geti la nyuma linatokea uchochoroni, ni njia ya mkato kwa wanaoishi upande wetu, na kuna jioni nimekuta liko wazi na mabinti wanapita wawili wawili. Nimewaambia walifunge. Wamelifunga kwa mnyororo, ila ufunguo anao mlinzi, na mlinzi akibembelezwa analegea. Mabinti wa upande wetu sasa wanatoka kwa geti kubwa pamoja, sita, wanazunguka njia ndefu kwa miguu, wanabishana kuhusu nani alikosa kufunga. Mzunguko ule unawapa robo saa ya kutembea ambayo haimo kwenye ada.

Kwa anayetaka kwenda: usiende siku ya maonyesho, siku hiyo kila kitu kinang'aa. Nenda Jumatano ya kawaida, lipa 5,000 ya siku moja, kaa kwenye benchi. Uliza yule dada yupo siku zipi, maana Ijumaa huwa hayupo na Ijumaa singeli hailii. Kama mwanao ni binti, omba kuonyeshwa chumba cha kubadilishia nguo kabla ya kuonyeshwa uwanja, na jaribu komeo kwa mkono wako. Waambie wazi kwamba mwanao hapimwi uzito, wanakubali ukisema mwanzoni. Mwezi wa mtihani uandikishwe kwenye fomu kwa kalamu, na sahihi yao iwepo.

Kuanzia Januari ada inapanda kuwa 50,000. Anayelipa miezi mitatu ya mbele kabla ya hapo anabaki na bei ya zamani. Mimi nimemlipia binti peke yake, na risiti ninayo.